Karee ya Kijapani Haimtaki Fundi

Kabla hujawasha jiko, fungia pilipili mbuzi kabatini na ufunguo umpe mtu asiyependa mabishano. Nazi na ndimu zifuate humohumo. Kisha keti, uvute pumzi, ukubali jambo moja zito: chakula unachokwenda kupika ni cha bizari, lakini hakiwashi, hakina uchachu, hakina tui, na Wajapani wenyewe wanakitaka hivyohivyo. Hakuna aliyekuomba ukikomboe.

Ukali huu una sababu. Mwanafunzi mgumu kuliko wote katika somo hili ni yule anayejua kupika. Asiyejua kitu husoma maelekezo, akayafuata, akala, akashiba, akalala. Anayejua mchuzi huonja mara moja, akakunja uso, akaanza kurekebisha: kitunguu saumu cha ziada, bizari nyembamba ya kukaanga, nyanya nne, limau. Baada ya nusu saa ana chakula kitamu sana, ila si kile alichokusudia kupika. Karee inamtaka mtu mtiifu, mwenye subira na vitunguu vingi.

Majira ninayoipendelea ni ya baridi, Desemba hadi Februari, na ni lazima uielewe nyumba ya Kijapani ndipo uielewe sufuria yake. Huko Hokkaido, kaskazini kabisa, nyumba hujengwa kwa kuta za kuzuia baridi na hupashwa moto barabara. Lakini Tokyo, Nagoya au Osaka, nyumba nyingi hazina mfumo wa kupasha moto vyumba vyote. Hupashwa chumba kimoja, watu wakajikusanya humo, miguu wameificha chini ya kotatsu, yaani meza fupi yenye hita kwa chini na mfarishi mnene uliotandwa juu. Ukitoka humo kwenda msalani unavuka ujia wenye baridi ya kukukumbusha dhambi zako. Jikoni nako mara nyingi ni hivyohivyo. Basi sufuria inayochemka taratibu kwa saa moja na nusu, ikitoa mvuke na kuyatia madirisha ukungu, inafanya kazi mbili: inapika chakula na inampasha moto mpishi. Ukiwa Makete au Limuru mwezi wa Julai, sifa zote unazo, endelea kusoma. Ukiwa Dar es Salaam mwezi wa Februari, washa feni kwanza.

Atatokea shemeji mezani atakayesema kwamba hii si karee ya kweli, kwamba karee ni ya Wahindi na unga wa ngano ni wa chapati. Usigombane naye. Mjibu kwa tarehe.

Mwaka 1872 vilichapishwa Japani vitabu viwili vya mapishi ya Kimagharibi, na vyote viwili vina karee. Ulikuwa mwaka uleule ilipojulikana hadharani kwamba Mfalme Meiji anakula nyama ya ng'ombe, baada ya karne nyingi za nyama kuepukwa. Kimojawapo cha vitabu hivyo kinaagiza kuku, kamba, chaza na chura mwekundu. Viazi na karoti hakivitaji kabisa. Karee ilifika kwa mkono wa Waingereza, nao Waingereza walikuwa wamekwisha kuzoea kuitia unga ili iwe nzito. Kwa hiyo unga huo una ukoo wake, na umevuka bahari mbili kufika hapo.

Jeshi la wanamaji likaipokea kwa mikono miwili. Mwaka 1908, kambi ya wanamaji ya Maizuru ilichapisha kitabu cha mapishi chenye karee juu ya wali: nyama ya ng'ombe au kuku, karoti, vitunguu na viazi vilivyokatwa vidogovidogo, unga uliokaangwa kwenye mafuta, na bizari. Chakula cha namna hii kilifaa melini, maana sufuria moja inabeba nyama na mboga, na mabaharia mia wanashiba. Tena wanamaji hao walikuwa na sababu nzito ya kujali kinachoingia tumboni. Miongo michache nyuma, beriberi ilikuwa ikiwaua vijana waliokula wali mweupe karibu mtupu, hadi daktari wao Takaki Kanehiro alipoubadilisha mlo wa melini katika miaka ya 1880. Mpaka leo wanamaji wa Japani hula karee kila Ijumaa, na mji wa bandari wa Yokosuka unajivunia karee hiyo kama miji mingine inavyojivunia timu ya mpira. Kisha ikaingia shuleni. Tarehe 22 Januari 1982, katikati ya baridi, chakula cha mchana cha wanafunzi nchini kote kilipangwa kiwe karee, na tarehe hiyo ndiyo Siku ya Karee hadi sasa.

Shemeji akiishikilia hoja yake, mpeleke Shinjuku, Tokyo, kwenye duka la Nakamuraya. Mpigania uhuru wa India, Rash Behari Bose, alikimbilia Japani mwaka 1915 akitafutwa na serikali ya Kiingereza, akahifadhiwa na wenye duka hilo, akamwoa binti yao. Mwaka 1927 Nakamuraya wakaanza kuuza karee ya Kihindi kwa maelekezo yake. Karee hiyo ingalipo, ina wapenzi wake, na inastahili heshima zote. Lakini majumbani watu waliendelea na ile nzito ya unga. Shemeji ale anachopakuliwa.

Sasa tuzungumzie boksi, maana watu wengi wanalionea aibu. Aibu ya nini? Nyumba nyingi za Kijapani hupika karee kwa ruu ya dukani: vipande vigumu vya mafuta, unga, bizari, chumvi na sukari, unavyovivunja na kuvitumbukiza sufuriani. Ruu yenye umbo hilo la chokoleti iliingia sokoni mwaka 1950. Mwaka 1963 kampuni ya House ikaleta Vermont Curry, yenye tufaha na asali, na watoto waliokuwa wakiitazama karee ya wakubwa kwa mbali wakapata sahani yao. Jina lilitokana na jimbo la Vermont, Marekani, ambako siki ya tufaha na asali ilisifiwa kuwa dawa ya kila kitu. Mwaka 1966 kampuni ya S&B ikajibu kwa Golden Curry. Juu ya boksi huandikwa kiwango cha ukali: tamu, wastani, kali. Mtu aliyelelewa kwa pilipili atachukua ile kali, atakula sahani nzima, kisha atauliza ukali wenyewe uko wapi. Chukua wastani. Hapa hakuna mashindano.

Ligeuze boksi usome na nyuma. Ruu nyingi zina mafuta ya ng'ombe, na nyingine ya nguruwe, hata pale ambapo picha ya mbele inaonyesha karoti zinazotabasamu. Muislamu asikisie. Atafute yenye alama ya halali, au atengeneze yake mwenyewe, na kwa kweli ya kutengeneza ndiyo ninayoipendelea kila nikiwa na muda, kwa sababu nyumba nzima hunukia kabla hata nyama haijaingia sufuriani.

Yeyusha gramu 50 za siagi kwa moto mdogo kabisa. Tia gramu 50 za unga wa ngano, ukoroge kwa mwiko bila kuondoka. Simu ikiita, iite. Dakika ya tano inanuka unga mbichi, ya kumi unaanza kusikia harufu ya mkate, na kuanzia ya kumi na tano rangi inakwenda kwenye korosho ya kukaanga. Zima moto hapo. Sasa tia vijiko viwili vya mezani vya bizari ya mchuzi, ile yenye manjano, giligilani, bizari nyembamba, uwatu, iliki na karafuu kidogo, uchanganye. Joto lililobaki linatosha kuitoa harufu. Ungeitia moto ungali unawaka ingeungua ikawa chungu, na uchungu wa bizari iliyoungua hauna dawa. Zamani wapishi wa Japani waliiamini zaidi bizari ya kopo kutoka Uingereza, naye Yamazaki Minejiro, mwanzilishi wa S&B, alifanikiwa kutengeneza ya humohumo nchini mwaka 1923. Wewe unaweza kutumia ya sokoni kwenu, mradi haina pilipili iliyofichwa ndani.

Vipimo ni hivi, kwa watu watano au sita: nyama gramu 400, vitunguu maji vitatu vikubwa, karoti kubwa moja, viazi vitatu, nusu tufaha, maji mililita 900.

Vitunguu ndivyo vinavyompima mpishi. Viwili vikate vyembamba, kimoja vipande vinene ukiweke kando. Vile vyembamba vitie kwenye mafuta na chembe ya chumvi, kwa moto mdogo, nusu saa nzima. Nimesema nusu saa. Maelekezo mengi yanadai dakika tano, lakini kitunguu cha dakika tano kimelainika tu, utamu wake bado umo ndani umelala. Kinachofanyika katika nusu saa ni kwamba maji yanakauka, sukari iliyomo inakolea, kisha inaanza kuwa kahawia. Vikishika chini, tia kijiko kimoja cha maji, ukwangue kwa mwiko, uendelee. Usiitupe rangi hiyo inayobanduka chini ya sufuria. Ndiyo ladha yenyewe, na hakuna kipande cha ruu duniani kitakachokulipa ukiikosa. Nje kuna baridi, huna pa kwenda, simama hapo ukoroge.

Kuhusu nyama, uwe mwangalifu unapozungumza na wenyeji. Magharibi mwa Japani, kwa watu wa Osaka na Kyoto, nyama ya karee ni ya ng'ombe. Mashariki, upande wa Tokyo, wengi hupika ya nguruwe. Kila upande unauonea huruma upande wa pili. Kuku hatukanwi popote. Mimi niko na ng'ombe, tena ile nyama ya mguu yenye kano ambayo mwuza bucha hukupunguzia bei, kwa sababu kano zikichemka saa moja na nusu huyeyuka na kuupa mchuzi ulaini ambao mnofu mtupu hauna. Ya kuku wa dukani inatosha dakika 25. Ikaange kwanza mpaka iwe kahawia pande zote, tia vitunguu, maji, na tufaha ulilolikwangua. Povu likipanda, liengue. Funika nusu, punguza moto, na maji yakipungua sana ongeza.

Karoti ikate huku ukiizungusha, kila kipande kiwe na pembe zake za ajabuajabu; ndivyo wanavyokata wao, na kipande cha hivyo kina uso mpana wa kushika mchuzi. Iingie nusu saa kabla nyama haijaiva, pamoja na kile kitunguu cha vipande vinene. Viazi viwe vya mwisho, dakika 15 hivi kabla ya kuzima, na hata kile kitabu cha Maizuru kiliagiza viazi viingie karoti na vitunguu vikiwa karibu kuiva. Japani wanabishana kuhusu viazi pia. Danshaku, aina iliyoenezwa Hokkaido na Baroni Kawada Ryokichi mwanzoni mwa karne ya 20, huvurugika na kuufanya mchuzi uwe mzito zaidi. Aina nyingine, May Queen, hubaki kipande. Ukipenda kukutana na kiazi kizima kwenye kijiko, tafuta kisichovurugika. Ukipenda kiazi kilichosalimu amri, chukua cha unga.

Kama unataka asali, kijiko kimoja cha chai kinatosha, nacho kiingie mapema, pamoja na maji. Asali mbichi ina vimeng'enya vinavyovunja wanga, na ukiitia mwishoni bila kuichemsha vya kutosha, karee yako nzito itakuwa nyepesi huku unaitazama. Mate nayo yana kimeng'enya cha kazi hiyohiyo. Kwa hiyo yule mpishi anayeonja kwa mwiko, akaurudisha sufuriani, akaonja tena kwa mwiko uleule, anauyeyusha uzito wa chakula chake kwa ulimi wake mwenyewe. Chota kidogo kwenye kibakuli, onjea huko, na kijiko hicho kisirudi.

Halafu amri kubwa kuliko zote: zima jiko kabla ya kutia ruu. Zima kabisa, usubiri dakika tano mchuzi uache kutokota. Ruu ikiangukia kwenye maji yanayochemka, unga wa nje huiva papo hapo na kujifungia, wa ndani ukabaki mkavu, nawe ukabaki unafukuzana na mabonge kwa mwiko mpaka wageni waingie. Ya boksi ivunjevunje ukoroge mpaka iyeyuke. Ya kwako itie mchuzi upawa mmoja mmoja pembeni, uilainishe hadi iwe kama uji, ndipo uimimine. Kisha washa tena moto mdogo, dakika kumi, ukikoroga hadi chini, kwa kuwa sasa ni nzito na itashika. Aliyetengeneza ruu yake aongeze vijiko viwili vya chai vya chumvi kwa kuanzia, kijiko cha mezani cha sosi ya soya, na kimoja cha sosi ya Worcestershire.

Mwishoni kabisa kuna ruhusa ndogo ya kujidai. Familia nyingi za Kijapani zina kitu chao cha siri cha kutia kwenye karee: kipande cha chokoleti nyeusi, nusu kijiko cha kahawa ya unga, sosi ya nyanya, siagi. Chagua kimoja. Mgeni asikigundue, akiuliza tu kwa nini leo imekolea hivi, umefaulu.

Wali sasa, na hapa naomba mkono wa Pwani utulie. Usitie chumvi, mafuta, iliki wala tui. Mchele uwe wa Kijapani, ule mfupi unaogandana. Uoshe mpaka maji yakaribie kuwa meupe safi, uuloweke saa moja kwa kuwa maji ya baridi huingia polepole, kisha upike kwa maji yanayouzidi mchele kidogo tu kwa ujazo. Ukiiva, uache umefunikwa dakika kumi. Wali huu hauna ladha ya kujitangaza, na haupaswi kuwa nayo, kwa sababu kazi yake ni kupokea. Basmati na mchele wa Kyela ni wali wa heshima, ila chembe zake zinakimbiana, na karee hii inataka chembe zinazokaa pamoja kijikoni.

Pakua wali upande wa kushoto wa sahani pana, karee upande wa kulia, viwili hivyo vikutane katikati. Pembeni weka fukujinzuke, achari nyekundu ya figili na mboga nyingine iliyokolezwa soya na sukari, au vitunguu vidogo vya siki viitwavyo rakkyo. Kachumbari kavu ya figili na karoti inaweza kushika nafasi hiyo bila kugombana na mtu. Kula kwa kijiko. Vijiti viache, hata wao hawavitumii hapa.

Sufuria ikibaki na chakula, na ipike kubwa ili ibaki, nisikilize vizuri. Wajapani wanaipenda mno karee ya siku ya pili, na wana haki: viazi vimekunywa mchuzi, ukali umepungua makali, nyama imetulia. Ni kiporo chenye cheo. Lakini baridi inadanganya watu. Wanaona jikoni kumepoa, wanaiacha sufuria juu ya jiko usiku kucha, wakisema asubuhi tutachemsha. Ndani ya karee nzito huweza kuwamo bakteria aitwaye Clostridium perfringens, na mbegu zake huvumilia maji yanayochemka. Mchuzi mzito ukipoa polepole ndani ya sufuria kubwa, chini kusikofika hewa, mbegu hizo huamka na kuzaana kwa kasi, hasa joto likiwa kati ya nyuzi 40 na 50. Chakula hakichachi, hakinuki, rangi haibadiliki. Kinachobadilika ni mipango yako ya kesho yake. Igawe karee kwenye vyombo vipana na vya kina kifupi, vitumbukize kwenye maji ya baridi au theluji ukikoroga, kisha viingie friji mara vinapopoa. Kesho ichemshe barabara huku ukigeuza ya chini iwe juu. Ya kuweka kwenye friza, toa viazi kwanza au uviponde, kwani vikiganda na kuyeyuka huwa na vitundu na maji.

Siku ya tatu kitakachobaki ni upawa mmoja au miwili, hakitoshi sahani. Kiongezee supu ya samaki mkavu, kichemshe, umimine juu ya udon, zile tambi nene za ngano, na vitunguu majani juu. Vaa nguo usiyoipenda, maana tambi hizo hurusha.

Sufuria tupu ifute kwa kipande cha mkate, ukile, ndipo uioshe. Mafuta yakipungua, sabuni inafanya kazi yake na bomba halizibi. Vyombo vya plastiki vitabaki na rangi ya manjano hata uvisugue vipi. Vianike juani siku moja au mbili, maana jua huivunja rangi hiyo. Tokyo mwezi wa Januari jua huonekana siku nyingi na hewa ni kavu, kwa hiyo mambo huenda upesi. Aliyeko Niigata, ambako mawingu na theluji hukaa hadi Machi, anunue vyombo vya kioo.